Sura Sitini za Mdudu Mmoja

Ukienda zahanati na homa, iwe Muheza, Malindi au Bukoba, mhudumu atakuchoma ncha ya kidole, atadondosha tone la damu kwenye kijikasha cheupe cha plastiki, ataongeza matone ya maji ya kipimo, kisha mtasubiri robo saa. Mstari mmoja, huna malaria. Miwili, unayo. (Mara nyingi utaambiwa una UTI pia, lakini hiyo ni habari ya kitabu kingine.) Wengi huondoka pale wakiamini kwamba kile kijikasha kimewaona wadudu. Hakikumwona hata mmoja. Kilichokamatwa ni protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria huimwaga ndani ya damu ya mtu kinapoishi humo. Kwenye utepe wa kipimo zimepakwa kingamwili zinazoitambua protini hiyo tu. Zikiinasa, rangi hujikusanya mahali pamoja na mstari wa pili unajitokeza.

Protini hiyo ni antijeni. Antijeni ni kitu chochote ambacho walinzi wa mwili wanaweza kukishika na kukikumbuka: kipande cha protini, sukari iliyo juu ya bakteria, chavua ya maua, hata damu ya mtu mwingine ukiongezewa isiyolingana na yako. Mwili hauvijui vijidudu kwa majina kama sisi. Unajua sura. Sura ikishaonekana, ikapiganiwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu, siku ikirudi inakuta askari wake tayari.

Lakini sura si mtu. Aliyemaliza dawa ya mseto wiki mbili zilizopita anaweza kupimwa tena akaonekana ana malaria, kwa sababu vimelea vimekufa lakini protini yao ingali inazunguka. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba huko Peru wamekuta vimelea ambavyo jeni ya HRP2 imepotea kabisa. Vinaumiza kama kawaida, ila kipimo hakivioni. Eritrea ilikumbwa na vimelea wa namna hiyo kiasi kwamba mwaka 2016 ikalazimika kubadili aina ya kipimo. Kimelea kilivua sura moja tu, kikapita mbele ya mlinzi mchana kweupe.

Sura hii, basi, ni ya sura. Na hakuna ugonjwa unaozichezea sura kuliko malaria.

Chukua nyumba moja ya kijijini katika ukanda wa pwani. Bibi na mjukuu wa miaka miwili wanalala chumba kimoja na mbu ni walewale. Ukiwapima siku moja, wote wawili wanaweza kuwa na vimelea. Mjukuu anachemka, hanyonyi, macho yamelegea. Bibi yuko uani anapepeta mchele, na ukimwambia ana malaria atakucheka. Mdudu ni mmoja. Ugonjwa uko kwa mmoja. Tofauti haiko kwa mdudu, iko katika vile ambavyo damu ya bibi imekwisha kuviona.

Robert Koch, yuleyule wa kifua kikuu, aliyewahi kukaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza homa za koloni la Wajerumani, alikwenda Java na New Guinea mwaka 1899 na 1900, akapima damu za vijiji vizima vizima, wadogo kwa wakubwa. Penye malaria nyingi, watoto walijaa vimelea na watu wazima hawakuwa navyo ila kwa nadra. Penye malaria chache, wakubwa na wadogo waliugua sawasawa. Akasema kinga ya malaria ipo, ila hulipiwa kwa miaka ya kuugua.

Ushahidi kwamba kinga hiyo imo ndani ya damu ulikuja mwaka 1961. Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walichukua damu ya watu wazima wa Gambia, wakachuja gamaglobulini, yaani sehemu yenye kingamwili, wakawadunga watoto wadogo waliokuwa wagonjwa wa malaria. Kamati ya maadili ya leo ingewauliza maswali mengi. Ndani ya siku chache vimelea vilipungua mno katika damu ya watoto hao. Mwaka 1963 wakatangaza jaribio la pili ambalo kwangu ndilo tamu zaidi: kingamwili za wazee wa Gambia walipewa watoto wa Afrika Mashariki, wenye malaria ya Afrika Mashariki, na zikafanya kazi. Maana yake, pamoja na vituko vyote tutakavyovieleza, baadhi ya sura alizozizoea mzee wa magharibi ndizo zinazozunguka pia mashariki ya bara.

Sasa jiulize: kama ni hivyo, kwa nini mtoto asiugue mara moja tu, akapona, akamaliza kama surua? Surua huja na sura moja maisha yake yote. Ukiugua ukiwa mdogo, ukizeeka huipati tena. Malaria inakataa biashara hiyo, na ili kuona inakataaje inabidi tuifuate ndani.

Mbu jike wa Anofelesi anapouma hutema pamoja na mate yake vimelea vichache. Havikai kwenye ngozi. Katika muda usiozidi sana saa moja, vinavyonusurika vimekwisha kufika kwenye ini na kujificha ndani ya seli zake. Hapo mtu hajisikii lolote. Baada ya kama wiki, kila kimelea kimoja kilichoingia kimekuwa makumi ya maelfu, na wote wanamwagwa kwenye damu. Kuanzia hapo maisha yao ni ndani ya seli nyekundu: wanaingia, wanakula, wanazaana, na kila saa 48 seli inapasuka na kutoa kizazi kipya.

Ujanja wa kwanza ni uchaguzi wa nyumba. Seli nyingi za mwili zikivamiwa huweka vipande vya mvamizi dirishani ili walinzi wapitao waone kuna shida ndani. Seli nyekundu haina kiini wala dirisha la namna hiyo. Ni nyumba ya giza ambamo mwizi anaweza kupika na kulala.

Tatizo la mwizi ni bandama. Bandama ni chujio: damu hupenya katika vijia vyembamba, na seli nyekundu iliyozeeka au kukakamaa hunaswa na kuharibiwa. Seli yenye kimelea kilichokomaa imekakamaa. Ikipita hapo imekwisha. Kwa hiyo Plasmodium falciparum, kimelea kinachoua zaidi kati ya ndugu zake, hutia nanga. Hutengeneza protini, huipitisha katika ukuta wa seli aliyomo, huichomoza nje, na kwa nanga hiyo seli hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo. Damu inapita, yeye yuko palepale, bandama haimwoni.

Jina la nanga hiyo ni PfEMP1, jina baya kwa kitu cha ajabu namna hii. Maana nanga inaokoa na inachongea. Iko nje, hadharani, na kingamwili zinaiona. Mwili ukishaijifunza, nanga zinang'olewa na kimelea kinabebwa na mkondo hadi kwenye chujio. Hapo ndipo mwaka 1995 makundi matatu ya watafiti yalipotoa siri: kimelea hakina jeni moja ya nanga. Kinazo takriban 60, na hutumia moja kwa wakati. Mwili unapomaliza kutengeneza askari wa nanga ya kwanza, vichache kati ya vimelea vimekwisha kubadili kwenda ya pili. Askari wanafika, wanakuta sura nyingine. Na hizo 60 ni za kimelea kimoja tu, kwa kuwa cha jirani kina 60 zake, zisizofanana sana na hizi.

Malaria haiko peke yake katika mchezo huu. Kimelea cha malale, kinacholetwa na mbung'o, huvaa joho zito la protini moja iliyorudiwa mamilioni ya mara, na kabatini kina majoho mamia kwa mamia. Mwili ukilizoea joho moja, kimekwisha kuvaa jingine. Lakini kimelea cha malale kinaogelea ndani ya damu kikiwa wazi, joho ni ngao yake tu. Nanga ya malaria ina kazi: inashika kitu. Na ishikapo panaamua ugonjwa utakuwa wa namna gani. Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji aondoke nalo.

Tazama mimba ya kwanza.

Wakunga na madaktari waliliona zamani. Mwanamke aliyekulia penye malaria, ambaye labda hajaugua kwa miaka kumi, anabeba mimba ya kwanza na malaria inamrudia kama mgeni. Damu inapungua, mtoto anazaliwa na uzito mdogo, pengine hazaliwi hai. Mimba ya pili huwa nafuu, ya tatu nafuu zaidi. Maelezo ya siku nyingi yalikuwa kwamba mimba hushusha kinga ya mama, basi. Ni kweli kwamba mimba hubadilisha kinga. Lakini kama ni kushuka tu, mbona mimba ya nne haimdhuru kama ya kwanza? Kinga ya mama ilijifunza nini katikati hapo?

Jibu lilipatikana Kisumu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha walichokiona kwenye makondo ya nyuma ya wanawake waliojifungua huko. Vimelea vilivyojaa kwenye kondo vilishikilia sukari moja maalumu, kondroitini salfeti A. Vimelea kutoka kwa watu wasio na mimba havikuishika. Kondo lilikuwa ufuko mpya, na kwa ufuko huo kimelea kina nanga yake, ambayo baadaye ilipewa jina VAR2CSA. Msichana hajawahi kuiona kwa sababu hajawahi kuwa na kondo. Mwanamume anaweza kuumwa na mbu miaka 70 na damu yake isiwe na askari wa nanga hiyo. Mwanamke huwapata baada ya mimba moja, mbili, tatu.

Kwa hiyo mama hakupoteza kinga yake. Askari wake wote wako kazini. Wamekutana na sura ambayo haikuwemo kwenye orodha. Ndiyo sababu kliniki za wajawazito katika nchi zetu hutoa vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, vikimezwa mbele ya muuguzi, hata kwa mama asiyejisikia mgonjwa. Mama wa mimba ya kwanza anayevificha kwenye mkoba ili akavitupe kwa kuwa "mimi malaria hainisumbui" anasema kweli kuhusu jana.

Ufuko mwingine ni ubongo. Waswahili tuna neno degedege, na kwa miaka mingi pwani wazazi waliambiwa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Basi apelekwe kwanza kwa mganga, afukizwe, hospitali baadaye. Si kila degedege ni malaria, na si kila malaria kali huleta degedege. Lakini mara nyingi mtoto yule anayetetemeka na kugeuza macho ana seli zilizotia nanga kwenye mishipa ya ubongo. Mwaka 2012 uchunguzi wa vimelea vya watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba walio na malaria kali walibeba kundi dogo tu la nanga, si zote. Mwaka uliofuata ikajulikana nanga hizo hushika EPCR, protini ambayo kazi yake ni kuilinda mishipa isivuje na damu isigande ovyo. Yaani nanga inatiwa kwenye bomba la maji na bomba linapasuka. Huko Blantyre, Malawi, picha za MRI zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba watoto waliokufa wengi wao ubongo ulikuwa umevimba vibaya.

Nanga zinazoua, basi, ni chache kati ya nyingi. Inaelekea ndiyo sababu hatari kubwa ya kufa iko miaka ya mwanzo, na mtoto aliyefika umri wa shule huugua homa bila kufikia mlango wa kifo. Kuzuia homa yenyewe huchukua miaka mingi zaidi. Kuondoa vimelea vyote karibu hakuna anayefaulu.

Tena homa si ya mdudu. Seli zinapopasuka kwa pamoja, takataka zake zinatapakaa, chembe nyeupe zinapiga kengele, na ubongo unapandisha joto. Kutetemeka, jasho na maumivu ya viungo ni kelele za walinzi wetu wenyewe. Bibi yule anayepepeta mchele ana askari wengi, lakini pia mwili wake umejifunza utulivu. Unamwona mwizi mdogo na haupigi kengele ya kijiji kizima.

Mpaka hapa nimesema kama vile sura ziko kwa kimelea peke yake. Seli zetu nazo zina sura, na kimelea huzisoma. Binamu wa falciparum, Plasmodium vivax, huingia kwenye seli nyekundu kwa kushika antijeni iitwayo Duffy, iliyopewa jina la mgonjwa mmoja (wala hahusiani na Duffy wa Kisumu). Katikati ya miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba seli isiyo na antijeni hiyo hufunga mlango, na Waafrika wengi wa magharibi na kati hawanayo. Siku hizi vivax ameanza kuonekana hata kwa wasio na Duffy, Madagascar kwa mfano, kwa hiyo mlango si wa chuma kama tulivyodhani. Watu wa kundi la damu O nao wana nafuu dhidi ya malaria kali, maana seli zenye vimelea hazishikamani sana na nyingine kwenye damu yao.

Kisa cha karibu zaidi na nyumbani ni Dantu. Ni kundi la damu ambalo duniani kote ni adimu, ila Kilifi hulitafuti kwa tochi. Mwaka 2017 utafiti uliowahusisha watoto wa Kilifi ulionyesha kwamba mwenye damu ya namna hiyo hatari yake ya malaria kali hupungua kwa kama asilimia 40. Mwaka 2020 sababu ikajulikana: ngozi ya seli zake imekazwa zaidi, kama ngoma iliyowambwa vizuri, na kimelea kinajigonga pale bila kupenya. Karne nyingi za kuzika watoto ziliacha alama hiyo kwenye damu ya pwani.

Ukiyajua haya, historia ya chanjo ya malaria haishangazi tena. Anayetaka kuchanja dhidi ya nanga 60 ana kazi ya maisha. Watengenezaji wa chanjo iitwayo RTS,S walipiga hesabu nyingine: wamkamate kimelea kabla hajafika kwenye ini, akiwa bado na koti la safari, protini moja. Walichukua kipande cha koti hilo wakakipachika kwenye antijeni ya virusi vya homa ya ini B. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, vituo vya Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo. Kwa waliopata dozi nne, wakianza wakiwa na miezi 5 hadi 17, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne.

Wako walioicheka namba hiyo. Nadhani waliilinganisha na surua, na huo si mlinganisho wa haki. Zaidi ya hapo, mwaka 2015 ilionekana kwamba hata koti lina tofauti ndogondogo. Katika mwaka wa kwanza, pale kimelea kilipofanana na kile cha kwenye chanjo, kinga ilikuwa kama asilimia 50, na kisipofanana ikashuka hadi 33. Sura tena. Hata hivyo, Malawi, Ghana na Kenya zilipoanza kuitoa mwaka 2019, Kenya ikizindua Homa Bay, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha Oktoba 2021, na ndugu yake R21, aliyejaribiwa pia Kilifi na Bagamoyo, akafuata Oktoba 2023. Sasa Bagamoyo wamejaribu chanjo ya RH5, protini ambayo kimelea huitumia kuingia kwenye seli nyekundu na ambayo haibadilikibadiliki kama nanga, kwa kuwa ikibadilika ufunguo haugeuki.

Kasoro inayobaki ni kumbukumbu. Kingamwili za chanjo hushuka miezi inavyopita, ndiyo maana ya dozi ya nne, ile ya mtoto aliyekwisha kutembea, ambayo wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Na kinga inayoletwa na kuumwa na mbu nayo hushuka, ingawa haiishi yote. Hospitali za Ulaya zinalijua hili kuliko sisi: wagonjwa wao wengi wa malaria ni watu wetu wanaoishi huko waliokwenda kusalimia nyumbani.

Kwa hiyo wewe uliyeko Muscat, London au Minneapolis, ambaye ulikulia Tanga ukalala bila chandarua na hukufa, hesabu miaka uliyokaa huko. Damu yako imesahau nyingi kati ya zile sura, na watoto wako waliozaliwa ughaibuni hawajawahi kuona hata moja. Mkija likizo, mezeni dawa ya kinga wote, watu wazima kwa watoto, na mlale ndani ya chandarua. Ukipata homa wiki au hata miezi baada ya kurudi, nenda hospitali siku ileile, na kabla daktari hajauliza lolote, mwambie ulikotoka.